Cherero na baji: banda moja au nigawe?

Maweni_Malindi: Salaam wafugaji. Baji (kasuku wadogo, budgie) ninao tayari, sasa nimepata cherero (lovebird) wawili wa aina ya Fischer kwa bei nzuri. Mwenye nao anataka jibu kabla ya Ijumaa. Niwatie pamoja, nigawe banda kwa waya, au ninunue tundu jingine?

Bi_Langoni: Baji wangapi? Banda lina ukubwa gani? Mna visanduku vya kutagia? Bila hayo tutakujibu nini, kaka?

Fundi_Waya: Gawa. Waya wa nusu inchi, tena tabaka mbili zilizoachana vidole vinne. Tabaka moja haitoshi: baji hung'ang'ania waya, cherero akamkata vidole kutoka upande wa pili. Waya mpya usugue kwa siki, suuza, anika. Zinki ikitafunwa ni sumu.

Maweni_Malindi: Baji sita, banda mita mbili kwa moja, visanduku viwili.

Bi_Langoni: Sita kwa viwili! Hata bila cherero hiyo ni vita. Watazame baji juu ya mdomo, penye pua: buluu ni dume, kahawia ni jike. Majike ndio wapiganiao kisanduku. Vitoe vyote, ama uweke vingi kuliko jozi, kimo kimoja, maana kila mmoja ataka cha juu.

Mkomani_Amu: Kuwatia pamoja sahau. Kuna banda hapa Amu (Lamu) walichanganywa. Mwanzo kimya, mwenyewe akadhani wamezoeana. Cherero walipochagua kisanduku, jike akabadilika: manyoya ya kichwa yamelala, shingo mbele, mdomo wazi. Baji aliyekuwa ndani akavutwa mguu. Asubuhi vidole viwili hana. Wenziwe wamejibana sakafuni, hawathubutu kupanda kula. Mtazame anayekaa chini, si mpiga kelele.

Fundi_Waya: Huenda chombo cha chakula kilikuwa kimoja. Wangeweka vitatu, pembe mbalimbali.

Bi_Langoni: Chombo hakimzuii cherero, fundi. Ugomvi ni wa kisanduku.

Shela_2: Si achukue kasuku wa kijivu mmoja, yaishe?

Mkomani_Amu: Bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hiyo ni kesi.

Maweni_Malindi: Na hawa cherero, nitajuaje ni jozi?

Bi_Langoni: Kwa macho hujui, Fischer wote sura moja. Mayai yakifika manane kwa mkupuo, shuku ni majike wote wawili. Na popote utakapowaweka, kwanza siku 30 mbali na baji, kwa ajili ya maradhi.

Shela_2: Fundi, siki ya tembo la mnazi yafaa kwa huo waya?

Fundi_Waya: Yoyote, mradi usuuze.