Protoni kwenye chumba kimoja Unguja: saiklotroni, Cockcroft–Walton au Van de Graaff?

Maabara_Tunguu: Assalaam aleikum. Tuna chumba kimoja, pampu ya ombwe (ya kunyonya hewa) ya mtumba na vijana wa fizikia wenye hamu. Tunataka protoni za keV 100 hivi, yaani nishati ya protoni iliyosukumwa na volti laki moja, tupime mkondo wake basi. Tujenge ipi?

Kereza_Saateni: Waaleikum salaam. Van de Graaff, ile ya ukanda unaobeba chaji hadi juu, iache mapema, yakhe. Kwa unyevu wa masika chaji itavuja ukandani kabla haijafika juu. Kuiokoa mpaka uifungie kwenye tangi la gesi kavu yenye shinikizo, na hapo udogo wake umekwisha.

bi_fizikia: Saiklotroni: sumaku inazungusha protoni, na volti inayogeuka-geuka inazisukuma kila zikivuka mwanya. Uga wa sumaku wa tesla 1, nusu kipenyo sm 5, protoni inafika karibu keV 120. Masafa ya volti hiyo ni kama MHz 15.2. Volti 1,000 tu kwenye mwanya, unaovukwa mara mbili kila mzunguko: mizunguko 60 hivi inatosha. Ya Lawrence na Livingston mwaka 1931 ilikuwa na kipenyo cha sm 11 hivi, ikafika keV 80.

Kereza_Saateni: Na sumaku je? Chuma laini, mamia ya kilo. Bahati yenu hamko ghorofani Mji Mkongwe.

Mpemba_Wete: Mimi na Cockcroft–Walton. Daiodi na kapasita zinazopandisha volti ngazi kwa ngazi, hakuna sumaku. Cambridge walipasulia kiini cha litiamu mwaka 1932. Zitumbukizeni kwenye mafuta ya transfoma, unyevu hauzigusi.

bi_fizikia: Mafuta sawa. Lakini kapasita hubaki na chaji swichi ikishazimwa, na hiyo inaua. Tena elektroni zinazorudi nyuma kwenye bomba la kusukumia protoni hupiga chuma kwa volti zote laki moja, mkapata eksirei. Yoyote mtakayochagua, ongeeni na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kabla ya kuwasha.

Pampu_Moto: Mnabishania volti, kitakachowatesa ni ombwe. Pampu ikiwa ya mvuke wa mafuta, umeme ukakatika na valvu iko wazi, mvuke unarudi ndani na kupaka kila kitu. Tuliokaa gizani takriban miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, hatuhitaji kusimuliwa. Tafuteni valvu inayojifunga yenyewe umeme ukipotea. Panapovuja, pitisheni spiriti kwa brashi kiungo kwa kiungo, jicho kwenye geji ya ombwe. Sindano ikiruka, ndipo hapo.

Maabara_Tunguu: Tuseme saiklotroni. Tutajuaje ni protoni, si takataka?

bi_fizikia: Masafa msiyaguse. Wekeni sahani ya shaba ukingoni, iungwe na kipimo cha mkondo mdogo, kisha pandisheni umeme wa sumaku taratibu. Uga ukifika tesla 1, sindano itapanda ghafla na kushuka. H2+, yaani molekuli ya haidrojeni iliyopoteza elektroni moja, ina uzito maradufu, kwa masafa hayo ingetaka tesla 2. Halafu fungeni gesi ya haidrojeni, inayotoa protoni, na kurudia: sindano ikipanda vilevile, mnapima kelele za redio za volti yenu wenyewe.