Naomba ushauri: kupanua njia za hewa kwenye silinda hedi ya 5A-FE nyumbani

Uyole110: Wakuu habari za jioni. Nina Corolla AE110, injini 5A-FE, cc 1,498. Tangu nihamie Mbeya kutoka Dar gari imekuwa nzito mno. Mlima Iwambi napanda kwa gia ya pili na malori yananipigia honi. Nimefuatilia habari za kupanua njia za hewa kwenye hedi (kipande cha juu ya injini chenye valvu) ili injini ivute vizuri, na nimeona mtu anaweza kufanya mwenyewe kwa drili, vichwa vya kusagia na msasa. Vifaa ninavyo tayari. Naomba kujua: kwenye inteki (njia ya kuingizia hewa) nisage milimita ngapi, na nimalizie kwa msasa namba ngapi? Wale wa "peleka kwa fundi" naomba mnipite. Nahitaji majibu leo, usingizi sipati.

msasa80: Inteki usiing'arishe kama kioo mkuu. Namba 80 inatosha, mikwaruzo midogo inasaidia petroli isijikusanye ukutani kuwa matone. Ekzosi (njia ya kutolea moshi) ndiyo ng'arisha utakavyo, masizi hayashiki upesi. Halafu wengi hukimbilia kupanua mdomo, pale hedi inapokutana na manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa), wakati faida iko ndani: ule mfuko nyuma ya siti ya valvu (pale valvu inapokaa ikijifunga) na kona fupi ambapo hewa inapinda kuingia silinda. Lainisha ukingo ulioachwa kiwandani chini ya siti, punguza kidogo nundu ya gaidi (kibomba kinachoongoza valvu), basi. Siti yenyewe usiiguse. Ukiikwaruza, kampresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inavuja.

Mzee wa Datsun: Vijana mnanikumbusha mbali. Shekhar Mehta aliposhinda Safari Rally mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 akiwa na Datsun, kila gereji niliyoijua Moshi ilianza kuchokonoa hedi za Datsun. Tulikuwa tunatumia tupa ya mviringo na kitambaa cha msasa kilichozungushiwa mti. Pikapu ya bwana mmoja wa kahawa ilitoka na mlio mzuri kweli, lakini ikawa haipandi mlima na mzigo mpaka uikanyage injini ilie. Alirudi kwetu kwa hasira sana. Enzi zile fundi anakaa na injini wiki nzima, siyo ninyi wa kubadilisha tu.

Fundi wa Soweto: Shikamoo mzee. Hicho ulichokiona kwenye pikapu ndicho kitamkuta kijana. Njia ikiwa pana, hewa inapita polepole kwenye mizunguko ya chini, silinda haijai vizuri, na mlimani ndiko unakohitaji nguvu ya chini. Toyota wenyewe waliliona kwenye injini yao ya 4A-GE. Za mwanzo zilikuwa na njia pana mpaka wakaweka vipepeo vya T-VIS kuziba nusu ya njia injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini. Toleo la 1989 wakabana njia, wakaondoa vipepeo, wakapandisha kampresheni mpaka 10.3 kwa 1, na nguvu ikaongezeka kufika farasi 140.

Na Uyole110, hujaonewa na hedi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari. Injini isiyo na tabo (feni ya kusukumia hewa ndani) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Farasi 100 za Dar, hapa umebaki na 83 hivi. Hakuna msasa utakaokurudishia.

Ila nikuulize: hedi bado iko kwenye injini au umeshaitoa?

Uyole110: Asante fundi. Hedi iko mezani. Naomba turudi kwenye milimita.

Binti Tukuyu: Kaka, gia ya pili Iwambi ndiyo usalama wenyewe. Ule mlima umemaliza watu, kukimbizana na malori kutakuongezea nini? Hizo pesa za vichwa vya kusagia nunua matairi. Mume wangu naye alihangaika na gari mwaka mzima anataka ikimbie, mwisho watoto wanachelewa shule kila Jumatatu kwa sababu imefunguliwa.

Fundi wa Soweto: Mtu hatoi hedi kwa sababu gari ni nzito tu. Ilitoka kwa nini?

Uyole110: Niliitoa ili nisage, kama nilivyoeleza.

Fundi wa Soweto: Gasketi ya kati ya hedi na bloku iliyotoka ilikuwaje? Oili ilikuwa na rangi gani? Mimi siwezi kukuambia usage kiasi gani hedi ambayo sijui historia yake.

Uyole110: Sawa. Wakati nahamia huku ilichemsha Kitonga. Paipu ya rejeta ilipasuka. Niliongeza maji nikafika Iringa, nikabadilisha paipu, na kutoka hapo haikuchemsha tena kwa kiwango cha kutisha. Ilikuwa inakunywa maji kidogo. Oili ilikuwa safi, haikuwa maziwa kama iliyoingiwa maji, ndiyo maana sikuona sababu ya kulitaja. Kwa kuwa gasketi ilikuwa lazima ibadilishwe, nikaona ni ujinga kufunga hedi ileile bila kuiboresha. Njia ya silinda ya kwanza na ya pili nimeshazisaga, na zimetoka vizuri.

Fundi wa Soweto: Hapo sasa. Uzito wa gari umeanzia Kitonga, haukuanzia kwenye njia za hewa. Hedi ya aluminiamu ikichemka inapinda. Upande wa bloku kupinda kusizidi milimita 0.05. Weka rula ya chuma iliyonyooka, pima kwa fila (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), kwa urefu na kwa kona hadi kona. Halafu ikapimwe nyufa kwa presha, hasa katikati ya siti za valvu. Nyuma ya ukuta unaousaga kuna maji. Kama kuna ufa mdogo na wewe umepunguza ukuta, hiyo hedi ni chuma chakavu.

Kinyozi wa Gia: Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Mtu wa drili na msasa sebuleni ametoa hedi ya twin cam (yenye kemshafti mbili, mihimili ya kufungua valvu) peke yake? Mtuambie basi, cheni ya taimingi aliitoaje?

Uyole110: 5A-FE haina cheni, ina mkanda. Mkanda unazungusha kemshafti moja, ya pili inazungushwa na gia. Ile gia ina springi ndani, usipoifunga kwa bolti ndogo kabla ya kutoa kemshafti inafyatuka. Niliifunga. Bolti za hedi nililegeza kuanzia pembeni kuja katikati, kidogo kidogo. Mimi sikuja hapa kutunga.

Kinyozi wa Gia: Hayo mtu anasoma. Tuma picha ya hedi na kadi ya gari pembeni, namba ficha.

Uyole110: Hedi natuma. Kadi haina jina langu. Gari ni ya dada yangu, yuko Muscat, aliniachia nitumie. Anarudi Desemba. Anajua ilichemka, hajui kama imefunguliwa. Lengo langu ni aikute bora kuliko alivyoiacha, na sioni ubaya wa hilo.

Binti Tukuyu: Mpigie dada yako leo. Usingoje Desemba.

Mzee wa Datsun: Nakuunga mkono mwanangu. Cha mtu hakifanyiwi majaribio.

Kinyozi wa Gia: Picha nimeiona. Nafuta kauli, kaka. Ila ukuta wa silinda ya pili unaonekana umekwenda sana.

Uyole110: Nitaipeleka ikapimwe na kuskimiwa (kusawazishwa uso). Lakini siwezi kuacha njia mbili pana na mbili nyembamba. Hizo mbili zilizobaki lazima nizimalize.

Fundi wa Soweto: Kuzilinganisha una haki, silinda zikivuta hewa tofauti injini haitulii. Ila vipimo vya presha kwanza. Ukipita, hizo mbili zifuate ya kwanza, usifuate ya pili, na mdomo acha kama ulivyo. Gaidi na siti ziangaliwe hapohapo. Ukishafunga, pima kampresheni injini ikiwa ya moto, pedeli ya mafuta chini kabisa: silinda zisipishane zaidi ya psi 14 hivi. Na rejeta uizibue kabla hujawasha.

msasa80: Na vumbi la aluminiamu lioshe kwa maji ya sabuni, kila tundu la oili, kisha puliza na kampresha. Petroli peke yake hailitoi.

Uyole110: Nimempigia dada. Amekasirika, ila amekubali ikapimwe. Kesho asubuhi naipeleka. Fundi, nakuja PM nikuulize nani anapima kwa presha hapa mjini.