Paka kufungwa kizazi kipupwe hiki: daktari kaniambia nibebe soksi na chupa, kweli au utani?

mama_nyau (Tabora)
Habari zenu wakuu. Nina paka jike mdogomdogo, hata kilo tatu hafiki, Jumamosi nampeleka kwa daktari wa mifugo hapa mjini akafungwe kizazi maana madume yote ya Ipuli yamehamia ukutani kwangu, usiku hatulali. Sasa jana daktari kanipigia ananiambia nije na blanketi, soksi za kitoto jozi mbili na chupa tupu za maji za nusu lita. Namuuliza za nini, anasema paka akishachomwa nusukaputi anapoa sana. Nikajua ananitania, kiumbe kina manyoya mwili mzima, mimi ndo natetemeka asubuhi na hiki kibaridi cha mwezi wa saba. Kuna aliyepitia hii? Na nikirudi naye nyumbani inakuwaje, jirani anasema nimuwekee jiko la mkaa chumbani alale pembeni yake. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Kibirizi
Hahaha soksi tena! Paka wa huku Kigoma wanalala kwenye vichanja vya dagaa, upepo wa ziwa unawapiga mpaka asubuhi na hakuna aliyewahi kuomba soksi. Mnawadekeza sana nyie wa Tabora, kesho mtawafunga na tai.

fundi_mifugo
Mzee wangu nimecheka, ila huyo paka wa dagaa yuko macho. Paka akiwa macho akisikia baridi anajikunja, manyoya yanasimama, mishipa ya ngozini inabana ili joto libaki ndani, ikizidi anatetemeka. Ukimlaza kwa nusukaputi hayo yote yamezimwa, ubongo wenyewe unaacha kulinda joto, na mishipa inalegea kwa hiyo damu ya moto iliyokuwa kifuani na tumboni inasambaa mpaka miguuni na masikioni, inapoa huko, inarudi ndani. Ndo maana joto linaporomoka zaidi kwenye ile nusu saa ya mwanzo mpaka saa, yaani daktari anaweza kuwa bado ananawa mikono na paka kashaanza kupoa.

Afu mama nyau hayo manyoya unayoyasema, tumboni yatakuwa yamenyolewa. Anapakwa spiriti na ikikauka inaondoka na joto lake. Kalazwa kwenye meza ya chuma, tumbo liko wazi, dripu imetoka kabatini na baridi ya usiku. Na mwili mdogo unapoa haraka, kama chai ya kwenye kikombe na ile iliyobaki kwenye sufuria.

Kawaida paka ana nyuzi 38 mpaka 39 na pointi kidogo. Akishuka chini ya 36 hapo ndo shughuli, dawa haitoki mwilini kwa wakati kwa hiyo anachelewa kuamka, damu inasuasua kuganda, moyo unapunguza kasi, na kidonda kinakuwa rahisi kupata maambukizi. Mtu analalamika paka wake kazidishiwa sindano kalala mpaka jioni, wakati mwingine dozi ilikuwa sawa kabisa, ni baridi tu.

Kwa hiyo daktari wako yuko sawa na mimi ningemwamini zaidi kwa kukuagiza hivyo vitu. Soksi ni za miguu, chupa anazijaza maji ya uvuguvugu, anazizungushia taulo, anaziweka ubavuni. Wenzetu wenye hospitali kubwa wana mashine inayopuliza hewa ya moto ndani ya blanketi maalumu, hiyo ndo kiboko, sisi tunakomaa na chupa.

mama_nyau (Tabora)
Ahsante sana dokta, kumbe. Sasa si bora zijazwe maji ya kuchemka kabisa ili zikae na moto muda mrefu?

fundi_mifugo
Weee usithubutu! Paka aliyelala hawezi kukwepa, na ngozi iliyopoa damu haipiti vizuri kwa hiyo moto unakaa palepale unaiivisha. Mbaya zaidi hutaona kitu siku hiyo, baada ya siku kadhaa ndo ngozi inaanza kubanduka. Chupa iwe ile ambayo ukiiweka shingoni kwako unaivumilia bila kuitoa, na bado izungushiwe taulo. Ikipoa itolewe, maana chupa ya baridi sasa ndo inamnyonya paka joto. Draya ya nywele na zile pedi za umeme za kiunoni za watu wazima sahau pia.

dada_wa_kasulu
Naongezea ya kwangu. Kwanza mfunike KABLA hajachomwa, sio akishapoa ndo mnahangaika. Kama unampeleka na bodaboda asubuhi boksi lifunikwe khanga nzito ila matundu ya hewa yabaki. Ukifika ombeni feni izimwe na dirisha la karibu na meza lifungwe. Na ile nailoni yenye vipovu wanayofungia TV mpya, itafute dukani kwa mafundi, inafunika vizuri kuliko hata blanketi na hailowi.

Jiko la mkaa chumbani hapana jamani. Ule moshi usioonekana unamaliza watu wazima usingizini, sembuse kapaka kenye dawa mwilini ambako hakawezi hata kuinuka kukimbilia mlangoni. Boksi, nguo kavu, chumba kisicho na upepo, inatosha.

mama_nyau (Tabora)
Sawa jirani nitamwambia kwa adabu. Akiwa kwenye boksi namwangalia nini sasa?

fundi_mifugo
Boksi liwe chini sakafuni ila lisigusane na saruji, weka gunia au kadibodi. Sio juu ya kitanda, anaamka kalewa anadondoka. Alale kwa ubavu shingo imenyooka. Macho yatakuwa wazi hata kama hajitambui, ketamini, hiyo dawa ya usingizi, ndo inafanya hivyo, usiogope. Nunua themometa ya kidijitali famasi, ipake mafuta kidogo, pima nyuma, akifika 38 ondoa chupa ubakize blanketi, ukiendelea kumpasha naye anazidi joto. Akiwa chini ya 36 na hapandi, au ufizi mweupe, piga simu usisubiri kuche. Chakula usimpe mpaka asimame na kutembea sawasawa.

Na tafadhali usimpe Panadol ya maumivu. Kidonge kimoja tu cha 500 kinaweza kuua paka, dawa ya maumivu iwe ile aliyotoa daktari.

Mzee wa Kibirizi
Haya soksi nimezikubali. Ila dume langu nataka kumhasi, hiyo si dakika chache tu, nayo mpaka mbwembwe zote hizi?

fundi_mifugo
Kukata ni dakika chache kweli mzee, ila sindano inabaki mwilini saa nzima na zaidi, na muda wote huo dume lako limelazwa sakafuni, limelowa spiriti, watu wameshaondoka kunywa chai. Tumbo halifunguliwi kwa hiyo hapoi kama jike, lakini anapoa. Beba blanketi na chupa mbili, soksi nakusamehe.