Mrejesho: vipele vya mwanangu vinavyowasha usiku

Wapendwa, asanteni sana. Niliuliza kuhusu vipele vinavyomwasha mwanangu usiku, wengi mkahisi ni fangasi. Daktari alimkagua katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, akanionyesha kijistari chembamba kama uzi: njia ya kidudu cha upele (scabies), ugonjwa wa ngozi unaoambukiza. Akakwangua ngozi kidogo, maabara wakaona mayai kwenye darubini.

Tumepewa BBE, dawa ya kuua vidudu hivyo, tujipake watu wote wa nyumbani, hata dada wa kazi ambaye hawashwi, maana kwa anayeambukizwa mara ya kwanza dalili huweza kuchelewa hadi wiki 6. Mashuka tumefua kwa maji ya moto. Mwanangu bado anajikuna kidogo. Daktari kasema muwasho huweza kubaki wiki kadhaa hata vidudu vikishakufa. Ila jamani, sasa analala!