Mpwa wangu yuko jeshi la Marekani anataka upelelezi, abaki na gwanda au awe raia? Naomba ushauri

Mtambwe_Kaskazini:
Asalaam alaykum wana barza. Nna mpwa wangu, mtoto wa dada angu, kaondoka Wete mdogo na babake, sasa yuko jeshi la nchi kavu la Marekani na uraia wa kule kishachukua (ya uraia tafadhalini msinianzie). Mkataba wake unakaribia kwisha na anataka kuingia upelelezi wa jinai wa jeshi lao, wenyewe wanaita CID kama hii yetu ya polisi ila ile ni ya jeshi. Njia ziko mbili, moja abaki na gwanda asomee uafisa mteule wa upelelezi (cheo cha kati, juu ya sajini chini ya luteni), ya pili avue aombe kama raia, maana anasema siku hizi hata mkuu wao ni raia. Kanipigia, mjomba unaonaje. Mie nkamwambia abaki na gwanda, raia gani aende kambini amuhoji kanali akajibiwa? Dada angu kapata habari kakasirika, anasema nampotosha mtoto. Wenye kujua nipeni mwanga, wenye mzaha mupite.

Kibandamaiti_Boy:
Uko sawa mjomba. Jeshi ni cheo. Raia akija na faili lake ataambiwa subiri getini mpaka jua lizame 😂

Mpemba_Ohio:
Wa alaykum salaam. Mie niko huku na nimefanya kazi kambini kama mkandarasi kwa hivyo hili nalijua kidogo. Mjomba, hiyo hoja ya kanali haina mguu. Wapelelezi wao hata wale wenye gwanda wanavaa nguo za kiraia kazini na cheo wanakificha makusudi, wanaitwa ejenti basi, kanali hajui kama anayemuhoji ni sajini au afisa mteule au raia. Walijua toka zamani kuwa cheo kinaharibu mahojiano.

Kilichowafanya waweke raia juu ni kesi ya Vanessa Guillén, askari wa miaka 20 aliyepotea kambi ya Fort Hood, Texas, Aprili 2020 na maiti yake ikaonekana mwisho wa Juni, kauliwa na askari mwenzake. Ikaundwa kamati huru, ripoti ikatoka Disemba mwaka ule ule na ile CID ya pale ilivuliwa nguo: wapelelezi wachache, wengi wageni wa kazi, kambi imegeuzwa pahala pa kujifunzia, na mtu akishaanza kuijua kazi anahamishwa. Ndo tabia ya jeshi, kila baada ya miaka miwili mitatu unafunga mizigo, faili anarithi mwengine ambaye hata shahidi hajamuona uso. Raia anakaa pahala pamoja miaka. Septemba 2021 akaapishwa mkurugenzi wa kwanza raia, Gregory Ford, katokea NCIS, chombo cha upelelezi cha jeshi la maji. Kabla ya hapo jenerali mmoja alikuwa amevaa kofia mbili, mkuu wa polisi jeshi na huyo huyo mkuu wa CID.

binti_Tunguu:
Nasoma sheria, naongezea hapo. Hao NCIS wenyewe hawakuzaliwa na raia juu, zamani wakiitwa NIS na mkuu alikuwa admirali. Mwaka 1989 meli ya vita USS Iowa ililipukiwa na mzinga wakafa mabaharia 47, wapelelezi wakamtupia lawama baharia mmoja aliyekufa humo humo, eti kajilipua kwa sababu ya mapenzi. Mwaka 1991 jeshi likakiri ushahidi haupo na ikabidi liwaombe radhi familia yake. Mwaka huo huo Septemba likaja la mkutano wa Tailhook, marubani wa jeshi la maji kwenye hoteli Las Vegas wakawadhalilisha wanawake kadhaa, tena wengine maofisa wenzao, na uchunguzi ukawa wa kulindana. Waziri wa jeshi la maji akajiuzulu 1992, na baada ya hapo ndo chombo kikawekwa chini ya raia.

Na mjomba usione ni mambo ya Wazungu tu. Hapa Zanzibar mashtaka mahakamani yakiendeshwa na polisi wenyewe, anayekukamata ndo huyo anakushitaki, sasa yako kwa DPP, mkurugenzi wa mashtaka, na mawakili wake. Mbona tumezoea?

Kibandamaiti_Boy:
Kwa hiyo raia ni malaika? 🤔

binti_Tunguu:
Sijasema. NCIS hao hao, mkuu raia na wapelelezi karibu wote raia, ejenti wao mmoja alikuwa akimuuzia mfanyabiashara mmoja wa Singapore aliyeitwa Fat Leonard siri za uchunguzi uliokuwa ukimhusu mwenyewe, akahukumiwa miaka 12. Na jeshi la anga mkuu wa upelelezi mpaka leo ni jenerali na mambo yanakwenda, kwa sababu wapelelezi hawako chini ya mkuu wa kambi, wanaripoti juu huko kwenye ofisi ya waziri. Swali ni nani anaweza kumwambia mpelelezi faili hilo funga.

Mzee_wa_Gahawa:
Hapo binti kagonga penyewe. Mie nimestaafu katika moja ya idara hizi zetu, siitaji. Dizeli ikiibiwa, kila mtu anajua inakokwenda. Akateuliwa kijana mmoja afanye uchunguzi, kijana mzuri, mswalihina, lakini likizo yake, uhamisho wake, kupanda kwake cheo, vyote vinasainiwa na bwana ambaye dreva wake ndo anatajwa. Unategemea aandike nini? Akaandika geji mbovu. Nsimlaumu, ana watoto. Ungemvua gwanda ukamuacha na bosi yule yule angeandika geji mbovu vile vile.

Mtambwe_Kaskazini:
Khaa, kumbe mambo marefu. Sasa tuseme kwa huyu wangu, akivua gwanda anapoteza nini? Nyumba ya jeshi, matibabu, mke na watoto wawili anao.

Mpemba_Ohio:
Nyumba ya kambi itaondoka na bima atakatwa kwenye mshahara, hapo awe na akiba maana ajira ya serikali huku inachukua miezi mingi, wanakuchimba mpaka majirani wako wa zamani. Faida yake, miaka ya jeshi anaweza kuinunua ikahesabiwa kwenye pensheni ya kiraia, na wapelelezi raia wanastaafu mapema, kikomo miaka 57. Lakini kuingia inatakiwa kabla hajatimiza 37, ingawa waliotumikia jeshi wengine wanasamehewa umri, hilo aulize kwa maandishi asikubali ya mdomo. Na asivue kabla hajashika barua ya kazi mkononi. Umri wake?

Mtambwe_Kaskazini:
34, mwezi wa saba anaingia 35.

Mpemba_Ohio:
Basi aombe sasa hivi akiwa bado ndani, na NCIS aombe pia, asingoje CID peke yake.

Mtambwe_Kaskazini:
Ahsanteni sana. Nampigia usiku wakiamka, ila dada angu msimwambie kama nimebadilisha kauli, ntamwambia mwenyewe.

Kibandamaiti_Boy:
Mjomba dada ako yumo humu, kashalike komenti ya binti Tunguu 😂😂