Ushauri: Punda wangu anapunguza mbio kila wiki, na mashindano ya Maulidi yamekaribia

Kijana wa Langoni
Assalaam alaykum wanajukwaa. Naomba ushauri kwa anayewajua punda. Anayejua farasi pia karibu.

Nina punda dume, jina lake Kusi. Marehemu baba alimwita hivyo kwa sababu alizaliwa wiki ambayo pepo zilikuwa zinageuka, na hii ni kusi yake ya sita. Mwaka huu nataka nimpande kwenye mashindano ya punda ya Maulidi hapa Amu (Lamu). Kwa wasiopajua, vichochoro vya mji wetu havipitishi gari, mizigo ni juu ya punda. Zikifika sikukuu vijana hupanda bila tandiko wakashindana kando ya bahari, mji mzima umepanga foleni kutazama. Baba alishinda mara moja ujanani mwake. Hadi leo wazee wa barazani wakiniona nikipita husema "yule mtoto wa mbio zile."

Malengo nimeyaandika kwenye daftari. Alfajiri naenda naye ufuoni Shela, kijiji cha jirani, maji yakiwa yametoka na mchanga umekaza. Wiki ya kwanza alimaliza kipande changu kwa dakika sita. Nilipanga kila wiki apunguze nusu dakika. Wiki ya pili akatumia sita na nusu. Ya tatu, saba na zaidi. Wiki hii alisimama katikati, akatanua miguu, akakataa. Nilimpiga fimbo mbili, nakiri. Hakusogea hata shubiri.

Je, malengo yangu nimeyapanga vibaya, au punda huyu hana moyo wa mbio? Zimebaki siku 41.

Mtoto wa Tandale
Mkuu, shukrani za punda ni mateke. Wewe umesimamiwa tu, hujapigwa teke, shukuru. Huku kwetu tukitaka mbio tunawasha pikipiki.

Mzigua Asilia
Acha utani, mwenzako ana shida. Kijana, hiyo ni lishe. Mpe mahindi ya kuparaza debe nusu asubuhi na debe nusu jioni, na chumvi kidogo. Ng'ombe wangu wa kulimia nilimfanyia hivyo na akavuta jembe kama trekta. Mwaka ule nililima ekari nne kabla ya mvua, majirani wakaja kuniuliza nimempa nini. Ng'ombe yule nilimuuza kwa bei ambayo mpaka leo wananisimulia.

Bi Salma Kisauni
Mwanangu umenikumbusha mbali. Mimi nimezaliwa Mkomani, mtaa wa hukohuko Amu. Tulikuwa na punda jike, mama akimpakia vitu vya kumpelekea bibi, anampiga kibao cha mgongo tu, punda anakwenda peke yake kichochoro hadi kichochoro hadi mlangoni kwa bibi. Bibi anapakua, anamrudisha vilevile. Hakuna aliyemfundisha kwa fimbo. Siku alipokufa baba alikataa kula chakula cha mchana. Sasa naambiwa pikipiki zimeingia hadi Amu. Weka hiyo fimbo chini, baba.

Saisi wa Seeb
Wa alaykum salaam. Mimi niko Oman, wazazi wangu ni wa Unguja, nina miaka kumi na saba kwenye mazizi ya farasi wa mbio ndefu. Kwanza, ndugu Mzigua, samahani, ushauri wako usifuatwe. Tumbo la punda limeumbwa kwa nyasi kavu na majani magumu. Ukimshindilia nafaka kwato zinawaka moto kwa ndani, atashindwa hata kusimama, wacha kukimbia.

Pili, punda si farasi mdogo. Farasi akiogopa au akiumwa hukimbia. Punda husimama. Watu huita ukaidi, lakini ndiyo njia yake ya kujilinda, na fimbo inamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Tatu, umetueleza alfajiri yake tu. Mchana Kusi anafanya nini?

Kijana wa Langoni
Ahsante Saisi. Mchana ni kazi za kawaida tu kama punda yeyote wa hapa. Niulize kuhusu lijamu: kuna jamaa ameniambia nikimtia ya chuma atatii zaidi. Ni kweli?

Saisi wa Seeb
Lijamu baadaye. Kazi gani, anabeba nini, safari ngapi?

Mtoto wa Tandale
Nimevuta kiti.

Kijana wa Langoni
Sawa. Anabeba mchanga na saruji kutoka gatini hadi kwenye ujenzi huku juu. Ikiwa ni saruji, mifuko miwili ya kilo 50. Safari kumi na mbili, siku nyingine kumi na tano. Anaanza saa moja asubuhi na kufunguliwa baada ya alasiri.

Lakini naomba nieleweke. Punda wa Amu wote wanabeba, wengine kuliko Kusi. Baba alishinda kwa punda wa mizigo, si kwa punda wa kulelewa kivulini. Ijumaa anapumzika. Na jina langu nimeshalipeleka kwa wanaoandikisha, barazani nimeshasema, siwezi kurudi kusema sikimbii. Ninachohitaji ni jinsi ya kupanga malengo kwa siku 41 zilizobaki. Sikuja kuuliza kama nikimbie.

Mgogo wa Bahi
Wahenga walisema punda afe mzigo ufike. Wewe umeongeza: na kikombe kije. Kwetu mwanamke asiye na punda huchota maji kwa kichwa chake. Miaka ya machinjio ya punda tuliona zizi zima limeibwa usiku, ngozi zinakwenda ng'ambo kutengenezewa dawa. Kenya ilipiga marufuku uchinjaji 2020, kesi zikaendelea, hadi Februari 2024 wakuu wa Afrika wakazuia biashara ya ngozi bara zima. Nyinyi mlionusurika na punda wenu mnawaua wenyewe kwa saruji. Inauma.

Ustadh wa Majengo
Kijana, wewe ni mtu wa Maulidi, basi mkumbuke unayemsherehekea. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia kwenye bustani ya mtu mmoja wa Ansari, akamkuta ngamia. Ngamia alipomwona akalia, machozi yakamtoka. Mtume akampangusa hadi akatulia, kisha akauliza ni wa nani. Mwenyewe alipojitokeza akaambiwa amche Mungu kwa mnyama huyo, maana amelalamika kwamba anatiwa njaa na kuchoshwa. Ikiwa ngamia alisikilizwa, huyo Kusi aliyesimama mchangani alikuwa anasema nini?

Mpelelezi Huru
Ndugu zangu mnalia bure. Hii ni chai, na haina hata sukari. Hebu tuhesabu. Yuko Langoni na anakimbiza punda Shela, kwenda na kurudi ni zaidi ya saa nzima kwa miguu. Saa moja asubuhi punda yuko gatini anapakiwa. Kwa hiyo anatoka nyumbani saa kumi usiku, kila siku, kwa hiari yake. Anayemiliki punda na mbio ni zake kwa nini ajifiche gizani? Pale mjini upande wa bahari upo, na ndipo mashindano yanapofanyika. Tena alisema "nina punda", lakini malipo ya saruji hajayataja hata mara moja. Mtu wa punda huanza na hela. Huyu amekaa Nairobi ghorofani anatuandikia hadithi.

Mzigua Asilia
Hata mimi nilishangaa. Mtu gani anampima punda kwa dakika?

Bi Salma Kisauni
Aliyetaja kusi, gatini na Shela kwa mpangilio ule hajazisoma kitabuni. Lakini Mpelelezi ameuliza jambo. Mwanangu, kwa nini usiku?

Mtoto wa Tandale
Siku mbili sasa mwenye uzi kimya. Chai imepoa.

Kijana wa Langoni
Sijakimbia. Nilikuwa nafikiria niseme au nifute uzi.

Punda si wangu peke yangu. Baba alituachia sisi wawili, mimi na kaka. Mizigo ni ya kaka, fedha anapokea kaka, na ndiye anayemlisha mama na dada zetu wawili. Mimi nafundisha watoto chuo cha Kurani jioni, kipato changu ni kidogo. Kaka anaamini usiku Kusi amelala uani. Namfungua saa kumi, namrudisha kabla hajaamka. Wiki iliyopita alilalamika kwamba punda amekuwa mzito gatini, akaniuliza kama nampa maji. Nikasema nampa. Ndivyo ilivyokuwa, maji nilimpa.

Sikumwambia kwa sababu atakataa. Yeye anaona mbio zile za baba hazikutuachia chochote.

Mpelelezi, huna haja ya kuniamini. Niko Langoni.

Mpelelezi Huru
Nimekusoma. Naondoa neno la chai. Ila kumbe huyo punda ana zamu mbili na kila bwana anadhani ipo moja.

Saisi wa Seeb
Sasa tunaweza kuzungumza.

Farasi ninaowatunza hukimbia kilomita 80, wengine 120. Njiani wanasimamishwa na madaktari. Mapigo ya moyo yasiposhuka hadi 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa, safari imeishia hapo, hata kama mpandaji ni mtoto wa nani. Nimeona watu wazima wakilia kwenye kituo kile. Lakini ndiyo maana kesho yake farasi wale wanakula. Lengo la mpandaji hupitishwa kwanza kwenye mwili wa mnyama, ukikataa linaandikwa upya. Daftari lako lina dakika zako tu, la Kusi halimo.

Leo usiku usimpande. Fanya mawili. Weka sikio au kiganja upande wa kushoto wa kifua, nyuma ya kiwiko, uhesabu mapigo sekunde 15 kisha zidisha kwa nne. Punda mzima aliyepumzika huwa kati ya 36 na 52 hivi. Kisha bonyeza kwa vidole viwili, taratibu, kuanzia kinundu cha mabegani hadi kiunoni, pande zote mbili za uti wa mgongo. Akiudidimiza mgongo, akitikisa ngozi au akigeuza kichwa kukutazama, hapo panauma. Punda huficha maumivu. Akianza kuonyesha, jua ameyabeba kitambo.

Kijana wa Langoni
Nimefanya sasa hivi, saa nne usiku, nikiwa na tochi ya simu. Mapigo nimehesabu mara tatu: 60, 60, 64. Nilipobonyeza karibu na mabega aliudidimiza mgongo wote, akapumua kwa nguvu. Chini ya manyoya pana uvimbe, katikati pana unyevu. Ndipo matandiko ya mzigo yanapolalia. Na ndipo ninapokaa nikimpanda mwanzo mwanzo kabla sijasogea nyuma.

Nimeketi naye uani. Sina la kusema.

Bi Salma Kisauni
Usikae tu. Pale pwani ipo hospitali ya punda tangu 1987, wanatibu bure, kila mtu wa Amu anaijua. Kesho asubuhi mpeleke. Na kaka yako aende nanyi.

Ustadh wa Majengo
Mwambie kaka kabla ya alfajiri. Usimwache amtie saruji juu ya kidonda ambacho wewe umekiona naye hakijui.

Mgogo wa Bahi
Na ukisikia hasira yake usijitetee kwa habari za baba. Mweleze kidonda kwanza.

Kijana wa Langoni
Nimerudi, siku nne zimepita. Kaka nilimwamsha usiku uleule. Alikuja na tochi, akambonyeza mwenyewe pale pale, akanyamaza muda mrefu. Kisha akanifokea mpaka mama akatoka. Alinifokea kwa kumdanganya, ila kuhusu kidonda alisema hata yeye alikuwa anaona manyoya yamelala vibaya akapuuza, kwa sababu fundi alitaka mchanga ufike.

Tulikwenda wote wawili. Daktari alisafisha, akachoma sindano, akasema hakuna mzigo wala kupandwa hadi pafunge na ngozi ikaze. Akatuonyesha matandiko yetu: gunia limekatika ndani, mti unagusa mfupa. Kaka ameazima punda wa ami yetu kwa nusu ya malipo, na jioni anashona gunia jipya lenye sufi nene. Mimi nafanya naye safari za Jumamosi, nabeba begani vile vidogo.

Mzigua Asilia
Mungu awajalie. Na mbio?

Kijana wa Langoni
Jina sijalifuta bado. Nasema kweli, nimekwenda hadi pale mara mbili nikarudi. Daktari hakutaja siku, na mimi kila asubuhi nahesabu zilizobaki. Kaka ameniambia jambo ambalo sikulijua: punda aliyemshindia baba hakuwahi kubeba mawe mwaka ule, baba alikuwa baharini na punda alikaa kwa bibi akila mashambani. Hilo barazani hawalisimulii.

Saisi, swali moja. Nimeanza ukurasa mpya. Naandika mapigo asubuhi na jioni, amekula kiasi gani, na kama amegaagaa mchangani. Leo asubuhi ni 52. Jioni nitembee naye kwa mkono hadi Shela bila kumpanda, au bado ni mapema?

Saisi wa Seeb
52 ni habari njema. Shela ni mbali. Nenda naye nusu ya njia, kamba iwe legevu, mgongo usiguswe. Akisimama, simama naye, usimvute. Angalia masikio anaelekeza wapi. Akianza kutembea mwenyewe mfuate, akigeuka nyumbani mgeuke naye. Kisha hesabu mapigo mkifika uani na tena baada ya dakika kumi, uniandikie zote mbili.

Kijana wa Langoni
Alisimama mara moja, penye mashua zinazokarabatiwa. Tukasimama kitambo. Kisha akatembea. Uani 56, baada ya dakika kumi 48. Amegaagaa, lakini kwa ubavu, mgongo ameuhifadhi.