Mrejesho: nyumba yenye eneo, Kibaha au Chanika?

Wakuu, niliomba ushauri hapa: wanangu watatu, wa nne njiani, mama mkwe anahamia kwetu, na vyumba viwili vya kupanga Tabata havitoshi. Nilitaka nyumba hata isiyokamilika, mradi iwe na eneo la banda la kuku na migomba.

Chanika tulikaribia kulipa. Nyumba nzuri, dalali ananipigia kila saa, "bosi, kuna mtu anakuja na hela taslimu". Mdau mmoja alinisisitiza nimuone mke wa muuzaji, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Nikaomba kuonana naye. Muuzaji akabadilika sura, mara mke yuko msibani, mara yuko Tanga. Tukaachana naye. (Dalali hadi leo hapokei simu yangu, na hela ya "kuonyeshwa" ndiyo imeenda hivyo.)

Tumeangukia Mlandizi, huko huko Kibaha. Pagala limefika kwenye linta, kiwanja kimepimwa, bikoni (alama za mipaka) zote nne tumeziona kwa macho. Moja ilifunikwa na kichuguu, mama mkwe ndiye aliyechokonoa na jembe mpaka ikaonekana. Upekuzi ofisi ya ardhi umetoka safi, jina la kwenye hati ndilo la muuzaji. Mke wake alikuja mwenyewe kwa wakili akasaini.

Kasheshe iliyobaki ni maji na bati. Mwenye fundi wa uhakika wa kupaua huko, njoo PM.